Mkataba wa miezi mitatu, mimba ya miezi tisa

Kila nikipiga simu nyumbani, mama ana swali lake: "Huyo mdogo wake yuko wapi?" Anauliza kwa utani, lakini namjua, hatanii. Mwanangu ana miaka 7 na bado yuko peke yake. Siku moja nikamjibu kwamba kazi yangu ni ya mkataba wa miezi mitatu mitatu, na mimba ni miezi tisa, hesabu haziingiliani. Akacheka sana. Akasema sisi alituzaa na baba hana hata kibarua.

Anasema kweli. Ila nyumba ile ilikuwa na bibi, shangazi wawili na binamu ambaye hakuna aliyekumbuka alikuja lini. Mama alitoka kwenda kwenye shughuli zake, mtoto akabaki mgongoni kwa yeyote aliyekuwa karibu. Huku ugenini mgongo ni wangu tu. Kitanda cha mtoto kimeegeshwa nyuma ya mlango, tunatundikia makoti. Hatujakiuza.

Wenyeji wetu hupenda kusema wageni huzaa tu, hali iwe nzuri au mbaya. Si kweli. Marekani walizaliwa watoto zaidi ya milioni 4.3 mwaka 2007, idadi ambayo haijafikiwa tena. Uchumi ulipoanguka, uzazi wa wanawake wahamiaji ulishuka haraka kuliko wa waliozaliwa hukohuko, hasa wale waliotoka Mexico, ambao jamii yao ilitegemea sana kazi za ujenzi.

Uhispania nayo ilipata watoto karibu 520,000 mwaka 2008, na 2013 hawakufika 426,000. Ukosefu wa ajira ulikuwa umepita asilimia 25. Lakini si wote walioacha kuzaa, wengine waliondoka. Serikali yenyewe ilianzisha mpango wa kuwalipa baadhi ya wahamiaji mafao yao ya kukosa kazi kwa mafungu mawili, la kwanza kabla ya safari na la pili wakishafika kwao. Na wanaofunga virago kwa kawaida ni vijana, ambao ndio wangezaa.

Mimi nadhani kukosa kazi peke yake hakumzuii mtu kuzaa. Ufini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukosefu wa ajira ulipanda kutoka takriban asilimia 3 hadi zaidi ya 16, na uzazi haukuanguka: mzazi aliyebaki nyumbani na mtoto mdogo alipewa posho. Jirani zao Uswidi, malipo ya likizo ya uzazi yalifuata mshahara wa mtu, kwa hiyo asiyekuwa na kazi alisubiri kwanza aipate. Kutoka watoto 2.1 kwa kila mwanamke mwaka 1990, wakafika 1.5 mwaka 1999.

Nisiwapambe sana wa nyumbani, maana hao wa kupokezana mtoto nao wanapungua. Mdogo wangu alioa, mwezi uliofuata akasafiri kutafuta kazi. Huu mwaka wa nne. Shemeji yangu hana haja ya dawa za kupanga uzazi, viza inamtosha.

Wiki iliyopita wameniongezea mkataba, miezi sita safari hii. Jioni nikaondoa makoti, nikakipangusa kile kitanda vumbi. Nikakaa nacho kidogo, halafu nikayarudisha.