Mwacheni mama mdogo na simu yake

"Futa kache, mama."

Maneno matatu tu, na yameniharibia wiki nzima. Kache ni ghala ambamo simu hutunza nakala za ilichokwisha kupakua, isilazimike kukiomba tena.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufungua shule. Mama mdogo alitoka Mbagala alfajiri na binti yake wa kidato cha pili, tranka, godoro, ndoo mbili, rimu ya karatasi na fagio la chelewa. Saa nne wako getini. Mlinzi hataki risiti, eti siku hizi zinaghushiwa. Anataka aone salio kwenye simu. Mama mdogo akafungua tovuti ya shule: unadaiwa 450,000. Hela aliyoilipa Ijumaa mchana, na ujumbe wa muamala anao. Akavuta ukurasa chini. Ukazunguka, ukarudi vilevile. Akavuta tena. Akavuta mpaka kidole kikauma.

Mhasibu akaitwa. Akaangalia kwenye kompyuta yake ofisini, akashangaa: mbona kwangu inasoma sifuri? Hakudanganya, kwake kweli ilisoma sifuri. Ndipo akatoa ile dawa: futa kache.

Sasa jiweke mahali pake. Una miaka 58, jua la saa tano linakupiga, nyuma yako foleni ya wazazi na magodoro yao, na mtu anakwambia ufute kitu usichokijua. Linki ya shule aliipata kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, kwa hiyo kwake yeye salio linakaa WhatsApp. Akaingia kwenye mipangilio, akaitafuta WhatsApp, akaona neno "futa", akabonyeza. Akafuta data. WhatsApp ikaanza kumuuliza namba yake kama mgeni, na ilipomuuliza kama arudishe nakala ya zamani, akabonyeza "ruka" ili mambo yaende. Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba. Nani kaleta hisa, nani kakopa, nani kaahidi kulipa mwisho wa mwezi, vyote vilikuwa humo kwenye meseji.

Na salio? Likabaki 450,000. Lilikuwa Chrome, kivinjari anachofungulia tovuti, halikuguswa.

Jioni nilichomeka simu yake kwenye laptop yangu nione kivinjari kinafanya nini. Dakika mbili hazikuisha. Ukurasa wenyewe ulitoka kwenye seva, ile kompyuta inayotoa tovuti ya shule, mbichi kabisa. Lakini lile boksi la salio haliji na ukurasa. Ukurasa ukishafunguka, JavaScript, programu iliyomo ndani ya ukurasa, inatuma ombi lake pembeni, inaleta namba, inaibandika. Na ombi hilo halikutoka hata nje ya simu. Pembeni yake imeandikwa imetoka kwenye diski. Nikafungua heda za lile jibu, yaani maelekezo ambayo seva inakipa kivinjari: Cache-Control: max-age=604800.

Sekunde 604,800 ni siku saba. Kuna bwana mmoja aliandika mstari huo kwa ajili ya nembo ya shule na picha za wanafunzi wamevaa makoti meupe maabara, akauweka mahali unapogusa kila kitu kinachoitwa na ukurasa, hadi salio la ada. Kivinjari kimetii. Kimeambiwa jibu hili litafaa siku saba, kikaliweka. Ndiyo maana kuvuta ukurasa hakukusaidia: ukivuta, unaohakikiwa upya ni ukurasa, lakini ombi linalotumwa na ile JavaScript baada ya ukurasa kufunguka linapita njia yake ya kawaida, na njia yake ya kawaida inaanzia kwenye kache.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mama mdogo aliliona deni Alhamisi usiku kwa sababu alitaka kujua kiasi kamili kabla ya kwenda kulipa. Angekuwa mzembe, akalipa kwa kukisia bila kuangalia, Jumatatu simu yake ingeleta salio jipya na mtoto angeingia saa nne na robo. Mafundi wa tovuti, mfumo wenu unamwadhibu anayefuatilia. Hongereni.

Niseme wazi: kumwambia mtumiaji afute kache ni kumkabidhi kazi yako bila mshahara. Wewe ndiye uliyemwambia kivinjari atunze. Wewe ndiye mwenye seva, wewe ndiye unayelipwa, na dawa ni mstari mmoja. Kwenye kila jibu linalobeba salio, oda, matokeo, idadi ya viti vilivyobaki, chochote kinachoweza kubadilika mtu akifumba macho, andika Cache-Control: no-store, yaani usitunze kabisa. Basi. Huhitaji semina. Huhitaji kumtuma mama wa watu kwenye mipangilio ya simu yake, mahali ambapo kitufe cha kufuta kache na kitufe cha kufuta maisha yako vimekaa jirani kama pacha. Fundi bomba akikuunganishia maji vibaya hakwambii "mama, vunja ukuta kidogo halafu ujaribu tena".

Na tafadhali, no-store, si no-cache. Najua, jina linadanganya, na aliyelichagua ana dhambi yake. no-cache haisemi usitunze. Inasema tunza, ila kabla ya kutumia uniulize kwanza. Kwa vitu vingi hiyo inatosha: seva ikikuta ETag, alama ya toleo la jibu, ni ileile, inajibu 304, yaani hakuna kilichobadilika, bila mzigo, na bando la mtu limepona. Lakini salio la mtu sitaki libaki kwenye diski kabisa, hasa kwenye simu inayoshikwa na watoto watatu na jirani. Haya yote yamo kwenye RFC 9111, hati rasmi ya kanuni za kache ya mwaka 2022, na mengi yalikuwemo tangu ile ya 1999. Siyo siri.

Kuna wanaobandika maelekezo ya kache ndani ya ukurasa wenyewe, meta za http-equiv kichwani mwa HTML, Pragma na ndugu zake. Hata zingefanya kazi zingehusu ukurasa. Data inayoletwa baadaye haizijui.

Halafu kuna kundi la mihuri ya saa. Wao kila ombi wanalifungia namba mkiani, ?_= halafu milisekunde, ili kila anwani iwe mpya na kache isiitambue. Sawa, inafanya kazi. Hata mimi nimeifanya, enzi za Internet Explorer iliyokuwa inashikilia majibu ya GET, maombi ya kusoma tu, kama mkopeshaji anavyoshikilia kadi ya benki. jQuery yenyewe, ile maktaba ya JavaScript, ukiiandikia cache: false ndiyo inachofanya. Na sitasahau Septemba 2012, Safari ya iOS 6 ilipoanza kutunza hata majibu ya POST, maombi ya kutuma data, kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, tukabandika namba hadi kwenye POST. Kwa hiyo nakubali, kama seva si yako na mwenye seva hapokei simu, bandika. Lakini seva ikiwa bado inasema max-age ya siku saba, kila unapobandika muhuri mpya kivinjari kinatunza nakala mpya. Mzazi akiangalia salio mara 20, simu imebeba masalio 20 ambayo hakuna atakayeyaomba tena. Umeuficha ugonjwa chini ya godoro. Siku hizi fetch, amri ya JavaScript ya kutuma ombi, inakubali cache: 'no-store' kwenye ombi lenyewe, kwa hiyo hata huo mchezo wa namba hauna sababu.

Ila msije mkanisoma vibaya mkazima kache kila mahali. Nimeona mtu kakasirika akaweka no-store kwenye mfumo mzima, fonti, nembo, picha ya mkuu wa shule, na wazazi wakawa wanapakua picha ya mkuu wa shule kila wakifungua, kwa bando la buku. Kitu kisichobadilika kipe jina lenye alama ya toleo na mwaka mzima wa kutunzwa, sekunde 31,536,000. Mkuu hatanuna.

Kitufe cha kurudi nyuma nacho kina vituko vyake: kinaweza kukurudishia ukurasa mzima ulivyogandishwa kwenye kumbukumbu, namba za zamani zikiwemo, bila ombi lolote kutumwa. Kwenye JavaScript yako sikiliza tukio la pageshow, linalotokea ukurasa ukionyeshwa; ukikuta persisted ni kweli, yaani ukurasa umetoka kwenye kumbukumbu hiyo, omba salio upya.

Nilimpigia mhasibu, mhasibu akaniunganisha na fundi wao. Kijana mstaarabu, hakubisha hata kidogo. Usiku uleule akarekebisha heda. Asubuhi nikapokea meseji: "Kaka, nimeweka no-store, lakini wazazi wengine bado wanaona deni."

Ndiyo, wataona. Seva haina mkono wa kuingia kwenye simu ya mtu na kuchukua ilichokwisha kutoa. Nakala iliyotunzwa Alhamisi kwa siku saba itaishi siku zake saba, na heda yako mpya haitasomwa na simu isiyokuja kuuliza. Nikamweleza abadilishe anwani ya salio: ukurasa uache kuita /api/salio, uite /api/salio2, kitu ambacho hakuna simu iliyowahi kukitunza. Ukurasa wenyewe wanaupata mpya, kwa hiyo watafuata anwani mpya bila kujua kuna kilichotokea.

Mama mdogo yuko na daftari la kaunta, anapita nyumba kwa nyumba kuandika upya hisa za kikoba kwa kinywa cha kila mwanachama. Wawili tayari wanasema hawakukopa.

Kijana alisoma maelezo yangu, tiki zikawa bluu, akakaa kimya kama robo saa. Kisha akaandika: "Sawa kaka, nitaifanya wikiendi. Kwa leo niwaambie tu wafute kache?"

Sijamjibu.