Acheni kupulizia rangi juu ya kromi

Kijana mmoja mgeni katika mchezo wetu aliuliza, kwa adabu kabisa, afanye nini na rimu za kromi za lori lake la rimoti zilizoanza kuchubuka. Anazitaka nyekundu. Majibu yalimiminika na yote yalikuwa jibu moja: ziba tairi kwa utepe, nunua kopo la rangi, pulizia, ngoja ikauke, kacheze. Waliomjibu ni watu wazima, wazoefu, wenye magari ya kupendeza. Wanajua rangi hiyo haidumu, kwa sababu wameiona ikibanduka kwenye magari ya wenzao mara nyingi. Imenikera, na siwezi kujizuia kuandika, maana njia bora ipo na haihitaji fundi.

Tuanze na kromi yenyewe. Kwenye rimu nyingi za plastiki tunazotumia, kile kinachong'aa ni alumini. Kiwandani alumini huchemshwa ndani ya chumba kilichotolewa hewa hadi iwe mvuke, na mvuke huo hutua juu ya plastiki kama utando mwembamba usiofika hata maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna vanishi ya kusawazisha plastiki, juu yake kuna vanishi nyingine ya kuukinga. Anayepulizia rangi hapo anaweka tabaka la nne juu ya matatu ambayo yenyewe yameshaanza kuachia. Rangi imeshika vanishi, vanishi imeshika alumini, alumini imeshika vanishi ya chini. Kokoto moja ikigonga ukingo, vyote vinang'oka kwa pamoja na kuacha doa lenye kingo zilizonyanyuka, na kila mchanga unaopita baada ya hapo unazidi kulipanua.

Wapo wanaosema piga msasa kwanza, kisha praima, ile rangi ya awali ya kushikisha. Haya, hiyo ni afadhali. Lakini pitisha msasa katikati ya spoku za rimu ya inchi 1.9, kwenye pembe za ndani na kuzunguka zile skrubu za mapambo, halafu uniambie umefika kila mahali. Pale uliporuka ndipo rangi itakapoanza kutoka.

Na kuna gundi, jambo ambalo hawa washauri hawalitaji kabisa. Tairi zetu nyingi zinabanwa kwenye rimu kwa gundi ya papo kwa papo. Ukipaka rangi hadi kwenye mfereji wa tairi, gundi inashika rangi badala ya kushika plastiki. Gari likikimbia kwa kasi tairi linavimba na kuvuta, na linachobandua ni rangi yako, kisha lenyewe linatoka.

Kromi itolewe yote. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ya hipokloriti, inatosha, kwa kuwa ina alkali na alumini haivumilii alkali. Toa tairi, loweka rimu, tikisa mara kwa mara, na utaona mng'ao unatoweka kuanzia kwenye kingo. Muda unategemea uzito wa vanishi ya juu: nyingine dakika chache, nyingine saa kadhaa. Usiziache humo usiku kucha ukaenda kulala, kwani hipokloriti ikikaa muda mrefu huila nailoni yenyewe, plastiki ya rimu nyingi. Dawa ya kusafishia oveni yenye kostiki, yaani alkali kali, ni ya haraka zaidi na mara nyingi hubeba na vanishi.

Hapa sitaki mzaha na mtu. Vaa glavu, vaa miwani ya kujikinga, fanya kazi mahali penye hewa. Kostiki ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Usitumie chombo cha alumini, kwa sababu kitaliwa pamoja na kromi na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Na dawa ya hipokloriti isikutane na siki hata kidogo, kwa maana zikikutana inatoka gesi ya klorini. Nalikazia hili kwa kuwa siki tutaihitaji katika hatua inayofuata ya kazi hii hii. Suuza rimu kwa maji mengi, suuza tena, na chombo cha hatua ya kwanza kisitumike katika ya pili. Wale wanaoshauri asidi ya kusafishia choo waache kabisa. Kweli inaondoa alumini, lakini asidi kali huiharibu nailoni, na ikichanganyika na mabaki ya hipokloriti unarudi kwenye klorini ile ile.

Kromi ikishatoka, wengi hudhani wamemaliza. Angalia vizuri chini ya mwanga: mara nyingi inabaki ngozi ya manjano yenye kung'aa. Hiyo ni vanishi ya chini. Isipotoka, rangi itashika mabakamabaka. Sugua kwa alkoholi ya isopropili na mswaki mkuukuu, kwa uvumilivu, mpaka plastiki ionekane imefifia na haing'ai popote.

Sasa tufike kwenye kiini cha ugomvi wangu na watu wa kopo. Rimu nyingi za magari haya zimetengenezwa kwa nailoni, na nailoni ina sifa ambayo inanifurahisha kila nikiifikiria: inakunywa rangi. Ndani ya mnyororo wake wa kemikali kuna vikundi vya amini ambavyo, maji yakiwa na asidi kidogo, hupata chaji chanya. Rangi za nguo za aina ya asidi zina chaji hasi. Zinavutana. Joto linailegeza plastiki, molekuli za rangi zinaingia ndani na kubaki humo. Ndiyo maana soksi za nailoni hazibanduki rangi, na rimu yako nayo haitabanduka. Jiwe likiikwaruza juu juu, chini ya mkwaruzo kuna rangi ile ile. Umbo halibadiliki, tundu la heksi, lile la pembe sita la katikati, la milimita 12 linabaki milimita 12, maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni yanabaki makali, na gundi inakutana na plastiki tupu kama kiwanda kilivyokusudia.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko maelezo yake. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ambayo haitarudi tena kupikia chakula. Maji ya kuzamisha rimu nzima, rangi ya nguo inayofaa nailoni, siki kidogo, joto la nyuzi 80 hadi 90, yaani maji yanatoa mvuke bila kutokota. Zining'inize kwa waya zisilale chini ya sufuria, na uzigeuze. Rangi nyepesi zinashika katika dakika chache, nyekundu iliyokolea au nyeusi inataka nusu saa au zaidi. Zote nne ziingie pamoja na zitoke pamoja, la sivyo hutapata tena rangi inayofanana. Kama rimu zako ni za kufunga tairi kwa pete na skrubu, chovya pete peke yake kwa rangi nyingine. Rimu nyeusi yenye pete nyekundu, bila tone la rangi kwenye skrubu hata moja, ni kitu cha kumwonyesha mtu.

Tena maji ya moto yanaisaidia nailoni. Nailoni kavu ni ngumu lakini ni rahisi kuvunjika, na ikinywa maji inakuwa na unyumbufu. Kuna wanaochemsha mikono ya suspensheni kwa sababu hiyo hiyo, bila rangi yoyote.

Lakini kwanza ijue plastiki yako, na hapa nawapa watu wa kopo haki yao, ingawa kwa shingo upande. ABS, plastiki nyingine ngumu, hainywi rangi ya asidi. Inataka rangi za nguo za poliesta, na inaanza kulegea karibu na nyuzi 100, kwa hiyo ukizubaa mbele ya jiko utatoa rimu iliyopinda. Polipropilini haishiki rangi yoyote ya sufuria. Ipime hivi: tia rimu tupu kwenye maji. Ikielea bila hewa iliyonasa ndani, ni polipropilini au ndugu yake polithini, na hapo achana na sufuria. Ikizama, dondoshea asetoni tone moja upande wa ndani usioonekana. Ikinata na kulainika, fikiria ABS au polikaboneti. Isipojali hata kidogo, kuna uwezekano mkubwa ni nailoni. Kampuni ya Tamiya imekuwa ikitenganisha makopo yake miaka yote, PS kwa bodi za polikaboneti na TS kwa plastiki ngumu za modeli, kwa sababu hii hii: kila plastiki na rangi yake.

Rimu nyeusi pia hazina njia nyingine zaidi ya kopo. Rangi ya kuchovya huongeza giza tu, haiwezi kugeuza nyeusi kuwa njano. Na mkwaruzo wa kina utafika kwenye weupe hata ukichovya vizuri, kwa kuwa rangi haiendi hadi katikati ya plastiki. Anayetaka nyeupe inayong'aa au rangi ya dhahabu apulizie, ila atoe kromi kwanza, praima iwe ya plastiki, na mfereji wa tairi uzibwe.

Kuna na lile jibu la mkato, eti nunua nyingine. Rimu nzima, iliyonyooka, itupwe kwa sababu ngozi yake ya juu imechubuka? Sikubaliani nalo, na kijana yule hakuuliza hivyo.

Ninaowataka wasikie zaidi ni watengenezaji. Sehemu nyingi za plastiki duniani hupigwa chapa ya aina yake, PA kwa nailoni, ABS, PP. Kwenye rimu zetu mara nyingi tunakuta namba ya kalibu na jina la kampuni, basi. Pigeni chapa hiyo nyuma, karibu na heksi, mahali ambapo haimkeri mtu. Na pale mnapouza rimu za kromi, uzeni na zile zile zikiwa nyeupe tupu, ambazo hazijapitia chumba cha mvuke. Tutazinunua, na za kwanza nitamtumia yule kijana, pamoja na pakiti ya rangi nyekundu.