Wengi wape, lakini kwa asilimia ngapi? Kura ya wachezaji katika Old School RuneScape

Tarehe 19 Novemba 2025 wachezaji wa Old School RuneScape, toleo la mtindo wa zamani la mchezo wa mtandaoni RuneScape, walifunguliwa bahari. Sailing, yaani ubaharia, uliingia mchezoni ukiwa ustadi wa 24, na wa kwanza kuongezwa tangu toleo hilo lianze mwaka 2013. Ustadi huo ulikuwa umekataliwa kwa kura mwaka 2015, ukarudishwa mbele ya wachezaji mwaka 2023, na safari hiyo ukapita kwa kura zilizovuka asilimia 70 kidogo tu. Hadi mwaka 2022 kiwango kilichotakiwa kilikuwa asilimia 75, kisha kikashushwa hadi 70. Kama kisingeteremshwa, wengi wangeutaka ustadi huo na bado ungekataliwa mara ya pili, na maji yote yanayoizunguka bara ya mchezo yangebaki rangi ya buluu kwenye ramani.

Tofauti hiyo ndogo inafufua swali ambalo wapenzi wa mchezo huu wamebishana juu yake kwa miaka mingi: je, ni busara kampuni kuwaachia wachezaji neno la mwisho kuhusu kinachoingia na kisichoingia mchezoni? Mimi naamini kwamba kura hiyo imefaa kuliko ilivyodhuru. Hata hivyo, wanaoipinga wana hoja nzito, na baadhi ya hoja hizo zimenilazimu kubadili mawazo niliyokuwa nayo zamani.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, RuneScape ilizinduliwa Januari 2001 na Andrew Gower pamoja na ndugu zake, na hadi leo huendeshwa na kampuni ya Jagex yenye makao yake Cambridge, Uingereza. Mchezaji huingia katika ulimwengu wa kubuni uitwao Gielinor, wenye falme, miungu na majoka, akikutana humo na maelfu ya wachezaji wengine kwa wakati mmoja. Huanza akiwa hana kitu: anakata miti, anavua kamba, anachimba shaba na kuifua upanga, na kila stadi hupanda polepole hadi ngazi ya 99, kazi inayoweza kumchukua mtu miezi. Siku zile mchezo ulifunguka ndani ya kivinjari bila kupakua chochote. Sisi tuliokutana nao kwenye intaneti kafe, ambako mwenye duka hakuruhusu mtu kuweka programu kwenye kompyuta zake, tuliupendea hilo kabla hatujaona joka hata moja. Tena mchezo huenda kwa mapigo ya sekunde 0.6 kila moja, kwa hiyo hata mtandao wa kusuasua hadi seva za Ulaya haukumwangusha mtu kama unavyomwangusha katika michezo ya kasi.

Ili kuielewa kura, ni lazima kukumbuka majeraha mawili yaliyoizaa. La kwanza ni la Desemba 2007 na Januari 2008. Wakati huo wauzaji wa dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi walikuwa wametapakaa, na wengi wao walilipia uanachama kwa kadi za benki zilizoibwa, hasara ambayo hatimaye iliirudia kampuni. Kampuni ikachukua hatua kali: ikazuia biashara huru baina ya wachezaji na kuondoa mapigano ya mchezaji kwa mchezaji katika Wilderness, nyika ya kaskazini ambako aliyeuawa hupoteza mali aliyobeba. Sababu ilikuwa ya kweli kabisa, lakini adhabu iliwaangukia wasio na hatia. Mtu hakuweza tena kumpa rafiki yake aliyeanza jana deraya ya maana, kwa kuwa mfumo ulidai vitu vinavyobadilishana mikono viwe na thamani inayokaribiana. Ukarimu mdogo uliokuwa ukiwaunganisha wageni kwa wenyeji ulionekana kwa kompyuta kama magendo. Ilibidi kusubiri hadi Februari 2011 ndipo biashara huru na nyika ile zirudishwe, baada ya kura iliyopigwa na zaidi ya watu milioni moja, ambapo tisa katika kila kumi walitaka zirudi.

Jeraha la pili ni la Novemba 2012, kampuni ilipofumua mfumo mzima wa mapigano. Pambano lililokuwa jepesi na la kusubiri zamu likageuzwa kuwa la kubonyeza vitufe vya uwezo kwa mfululizo. Huenda mfumo mpya ulikuwa na uzuri wake, na wapo walioupenda, lakini wengi walihisi nyumba waliyoijenga kwa miaka imebomolewa wakiwa wamelala, wakaondoka. Februari 2013 kampuni ikawauliza wachezaji kama wangependa ifunguliwe tena nakala ya mchezo iliyokuwa imehifadhiwa tangu Agosti 2007. Kura karibu 450,000 zilipigwa, na tarehe 22 mwezi huohuo Old School RuneScape ikafungua milango, ikiwa na kikosi kidogo cha watengenezaji na ahadi moja kubwa: maudhui mapya hayataongezwa bila ridhaa ya wachezaji.

Ahadi hiyo mtu huikuta kwa macho yake. Karibu na benki za miji ya Gielinor husimama kibanda cha kura. Mchezaji mwanachama hukibofya, maswali yakafunguka mbele yake moja baada ya jingine: je, jitu hili liongezwe, je, pete hii iwe na nguvu kiasi hiki, je, njia hii ya mkato ifunguliwe? Anajibu ndiyo au hapana, au analiruka swali lisilomhusu, kisha anarudi kuvua samaki wake. Nakumbuka mara ya kwanza nilipokibofya nilikaa dakika nzima nikisoma swali kuhusu silaha ambayo nisingeweza kuimiliki kwa miaka miwili mingine, na nikajikuta ninalifikiria kwa uzito kuliko baadhi ya mambo niliyowahi kuulizwa maofisini.

Hoja ya kwanza ya kuitetea kura ni kwamba imekuwa breki. Mfano wangu ni Grand Exchange, soko kuu ambalo mchezaji huacha bidhaa na bei, mfumo ukamtafutia mnunuzi. Nakala ya Agosti 2007 ilikuwa ya kabla ya soko hilo, hivyo mwanzoni watu walirudi kwenye desturi ya kale: unasimama mbele ya benki ya Varrock, unaandika bidhaa yako na bei, unairudia tena na tena katikati ya maandishi ya njano ya mamia ya wengine, mpaka atokee mtu wa kupatana naye. Iwapo soko lirudishwe au la, wachezaji walibishana sana, kwa sababu waliolipinga waliona kwamba pale benki ndipo watu walipofahamiana, na waliolitaka walikuwa na saa moja tu ya kucheza baada ya kazi na hawakutaka kuimaliza wakinadi makaa ya mawe. Soko lilirudi mwaka 2015, kwa ridhaa ya wachezaji wenyewe. Aliyeshindwa siku hiyo alijua kwamba ameshindwa na wenzake waliopita kwenye kibanda kilekile, na hilo ni tofauti kabisa na kuamka asubuhi ukakuta uamuzi umekwisha kufanywa na watu usiowajua.

Wanaoisifu kura hupenda kulinganisha toleo hili na ndugu yake mkubwa, RuneScape iliyoendelea na njia yake. Huko, kuanzia mwaka 2012, kampuni iliingiza michezo ya bahati nasibu ya kulipia, ikianza na Squeal of Fortune na kufuatiwa na Treasure Hunter mwaka 2014, bila kuwauliza wachezaji kwanza. Septemba 2019 kamati ya bunge la Uingereza ilitaja katika ripoti yake kisa cha mtu mzima aliyeingia katika deni la zaidi ya pauni 50,000 kwa manunuzi ndani ya RuneScape. Old School haina bahati nasibu ya aina hiyo, na mwaka 2025 ilivuka wachezaji 200,000 kwa wakati mmoja, mbali sana na idadi ya ndugu yake. Ulinganisho huu una uzito, lakini haufai kuvutwa kupita kiasi. Old School ilifika kwenye simu Oktoba 2018, mtu akaweza kuendelea na mhusika yuleyule aliyemwacha kwenye kompyuta, na hilo peke yake lilirudisha watu wengi. Kumbukumbu za utotoni nazo zina nguvu zake. Kura ni sababu mojawapo ya mafanikio, na sidhani kuna awezaye kusema kwa haki kwamba ndiyo yote.

Upande wa pili nao una mambo, na ninataka kuupa haki yake. Kiwango cha asilimia 75 kilimaanisha kwamba watu 26 katika kila 100 walitosha kuwazuia 74. Mwaka 2019 ustadi mpya uitwao Warding, wa kutengeneza mavazi ya kichawi, uliungwa mkono na takribani theluthi mbili ya wapiga kura na bado ukaanguka. Artisan ulikuwa umeanguka mwaka 2014. Mtengenezaji aliyeitumikia kazi kama hiyo kwa miezi huiona ikitupwa ingawa wengi wameipenda, na funzo analolipata ni kwamba mara nyingine alete kitu kidogo kisichomchukiza yeyote. Wazee walisema wengi wape, ila hapa wengi walikuwa wakinyimwa. Kushuka hadi asilimia 70 kulipunguza tatizo hilo bila kulimaliza, na ninaona ilikuwa hatua sahihi, kwa sababu kitu kisichoweza kutenguliwa kwa urahisi kinastahili ridhaa kubwa kuliko nusu na moja, lakini ridhaa isiwe kubwa kiasi cha kugeuka kura ya turufu mikononi mwa wachache.

La pili ni gumu zaidi. Wengi wa wapiga kura ni watu wa kukata magogo, kufanya misheni na kuwinda majitu. Wanaoishi kwa mapigano ya nyika ni wachache. Zinapokuja kura zinazohusu nyika, wengi hukumbuka siku waliyoporwa huko mali zao na kupiga kura ya hapana, wakati mwingine juu ya jambo ambalo lisingewagusa hata kidogo. Hiyo si kura ya kuamua tena, ni kura ya kukomoana. Hapo zamani nilikuwa nikisema kwamba wengi wakishaamua, mjadala umefungwa. Sisemi hivyo tena, kwa kuwa nimewaona marafiki waliopenda upande huo mmoja tu wa mchezo wakiuacha mmoja baada ya mwingine, bila ya kuwa wamemkosea mtu ila kuwa wachache.

Halafu kuna ambaye hajafika. Anayepiga kura ni mwanachama aliye ndani, na aliye ndani hulinda alichokitolea jasho. Akiulizwa kama safari ya kufikia ngazi ya 99 ifupishwe, hukumbuka usiku wake wa kuchimba mawe na kujibu kwamba kila mtu apite alikopita yeye. Kijana wa miaka kumi na tano ambaye angejiunga mwakani hana kibanda cha kubofya. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mchezo uliopita miaka ishirini unamhitaji mgeni kuliko anavyouhitaji, ila katika mpangilio huu mwenyeji peke yake ndiye anayepanga ukubwa wa mlango.

Hata hivyo, udhaifu unaonisumbua kuliko yote ni kwamba kura haiyafikii mambo mazito. Wachezaji huulizwa kuhusu pete na majitu. Kuhusu bei ya uanachama hawaulizwi. Jagex imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa ndani ya muda mfupi: wawekezaji wa China mwaka 2016, kampuni ya uwekezaji ya Carlyle mwaka 2021, kisha nyingine ya aina hiyo, CVC, mwaka 2024. Januari 2025 kampuni ilituma dodoso lililowauliza wachezaji kuhusu madaraja mbalimbali ya uanachama, likiwa na wazo la matangazo ya biashara kwa wanaolipa kidogo. Hasira ikapanda, watu wakafuta uanachama, na uongozi ukalazimika kuomba radhi. Wazo lile halikuangushwa na kibanda cha kura. Liliangushwa na pochi zilizofungwa, silaha ambayo kila mteja wa kila kampuni anayo. Ahadi ya mwaka 2013 ni desturi iliyotunzwa kwa heshima, lakini hakuna mmiliki mpya anayelazimika kuirithi, na anayetoa fedha nyingi kununua kampuni hutarajia zimrudie.

Kwa hiyo mimi ningeibakiza kura, tena kwa asilimia 70, kwa kila kinachobadili sura ya Gielinor. Masuala ya mapigano ya nyika ningeyaamulia kwa kusikiliza kwanza wanaopigana huko, hata ikibidi kutumia uamuzi wa watengenezaji badala ya kibanda, kwa sharti kwamba sababu zielezwe hadharani. Safari ya mchezaji mpya, zile saa zake kumi za mwanzo, ningeiachia kampuni kabisa. Na ningeitaka iandike, katika masharti ambayo kila mwanachama huyakubali anapolipa, kwamba bahati nasibu ya kulipia na matangazo ya biashara havitaingia katika Old School bila kura, awe nani mmiliki wa kampuni siku hiyo.