Tusimsingizie tabianchi peke yake

Majani yaliyoiteketeza Lahaina asili yake ni Afrika. Jambo hilo halitajwi sana, nami naona ndilo la kuanzia.

Lahaina ni mji wa kisiwani Maui, huko Hawaii. Uliungua tarehe 8 Agosti 2023. Watu 102 walikufa, majengo zaidi ya 2,200 yakateketea, na waliokosa njia wakajitosa baharini kukimbia moshi na cheche. Huku Kigoma wengi tuliziona zile picha kwenye simu, tukashika vichwa, tukasema "mabadiliko ya tabianchi hayo," kisha tukaendelea na yetu. Kauli hiyo ndiyo inayonikera.

Sisemi ni ya uongo. Mvua za Hawaii zimekuwa zikipungua kwa miongo mingi, na Agosti ile ukame ulikuwa umeshaushika upande wa Lahaina. Kimbunga Dora kilipita mbali kusini, zaidi ya kilomita elfu moja, lakini kaskazini kulikuwa na mgandamizo mkubwa wa hewa, na katikati ya viwili hivyo upepo ukashuka mlimani kwa nguvu za kuangusha nguzo za umeme. Dunia ikizidi joto, majani hukauka mapema na msimu wa moto hurefuka. Waliotoa moshi mwingi walipe, na mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, uwe na fedha za kweli. Hapo sina ubishi.

Ila kiangazi hakikuyapeleka yale majani kisiwani. Majani ya Ginea, haya marefu yanayoota hata kando ya barabara zetu, yalipelekwa huko kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Hapa nyumbani yana maadui: mbuzi, ng'ombe, mchwa, fyekeo, na moto wa kila mwaka unaoyapunguza kabla hayajarundikana. Kule yalikuta ardhi ya miwa na mananasi. Mashamba yalipoacha kulipa, wenyewe wakafunga. Kiwanda cha sukari cha Lahaina, Pioneer Mill, kilifungwa mwaka 1999. Matrekta yakaondoka, majani yakabaki bila wa kuyafyeka, mwaka juu ya mwaka, hadi ukingoni mwa nyumba za watu. Leo nyasi na vichaka vya kigeni vimefunika takribani robo ya ardhi ya Hawaii.

Tena kabla ya miwa, Lahaina palikuwa mahali pa maji. Wafalme wa Hawaii walikaa pale, na ndani ya bwawa la Mokuhinia kulikuwa na kisiwa kidogo, Mokuula, makao yao. Mito ikachepushwa kwenda kumwagilia miwa, bwawa likafifia, na mwaka 1914 likafukiwa. (Ndio mwaka reli ilipofika Kigoma, kwa anayependa kulinganisha nyakati.) Kwa hiyo ukavu wa Lahaina haukutoka mawinguni wote. Sehemu yake ilichimbwa kwa mifereji, na kuna watu waliopata faida.

Na siku yenyewe? Asubuhi waya wa umeme uliokatika uliwasha majani. Zimamoto wakaja, wakaamini wameuzima, wakaondoka. Alasiri ukafufuka. Ripoti iliyotolewa Oktoba 2024 ilithibitisha kuwa ni moto uleule. Kisiwa kina ving'ora karibu 80, na hakuna hata kimoja kilicholia. Mkuu wa dharura alijitetea kwamba watu wangedhani ni tsunami, wangekimbilia mlimani, na mlimani ndiko moto ulikokuwa. Siku moja baadaye akajiuzulu. Utetezi ule nimeufikiria sana, maana una mantiki, na ndiyo maana unatisha. Miaka yote watu walifundishwa kukimbia hatari moja tu. Wengi wa waliokufa walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 60, ambao hata king'ora kingelia bado wangehitaji mtu wa kuwashika mkono.

Sasa tuje kwetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba milima ya Kigoma inawaka. Mmoja anasafisha shamba, mwingine anafukuza nyuki arine asali, vijana wanasaka panya, mfugaji anataka majani mabichi yachipue. Jioni unaona mistari ya moto ikipanda mlimani, na asubuhi masizi yapo kwenye nguo zilizoanikwa. Tumezoea. Lakini angalia vijiji vya kaskazini kuelekea Gombe: mlima wenye nyasi mgongoni, Ziwa Tanganyika mbele, nyumba zimebanana katikati, na vingine njia ya kueleweka ni boti. Upepo ukiamua kushuka badala ya kupanda, bibi aliyelala ndani anatokea wapi? Sijasikia mkutano wa kijiji ukilijadili hilo.

Tunachosikia mikutanoni ni "tabianchi". Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni na maji kuingia kwenye mialo na majumba, tabianchi. Dagaa wakipungua, tabianchi. Zamani tulisema ni kazi ya Mungu, mzee akatikisa kichwa na kikao kikafungwa. Neno jipya linafanya kazi ileile ya kufunga kikao, tofauti ni kwamba sasa kikao kina posho. Wataalamu wakisema ziwa linapata joto nawaamini. Kiongozi akilitaja joto hilo ili asiulizwe mlima umebaki upara kwa kibali cha nani, hapo simwamini.

Dawa ya moto wa miombo, misitu yetu hii ya miti na nyasi, inajulikana. Ni kuchoma mapema, Mei na Juni, majani yakiwa bado na ubichi, ili moto utambae chini na kuacha viraka visivyoweza kuungua tena Agosti. Ni kufyeka barabara za moto kati ya nyasi na nyumba. Ni kuwa na orodha ya wazee na wagonjwa wa kila kitongoji, na kukubaliana ni nani anamtoa nani. Namba ya zimamoto, 114, ni nzuri kuikariri, ila gari la zimamoto halipandi boti. Kijiji ndicho zimamoto yake yenyewe.

Shida ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Mei, wakati wa kuchoma mapema na kufyeka, ukienda kuulizia fedha unaambiwa kasma imekwisha, subiri bajeti mpya. Bajeti mpya inaanza Julai, taratibu zinachukua wiki kadhaa, na Agosti fungu likifika nyasi zimeshakauka na kusi linavuma. Napendekeza halmashauri zetu zitenge fungu la moto Januari na kulifunga lisiguswe hadi Mei. Diwani atakayelipeleka hilo barazani, mimi nitampigia debe bila kuuliza chama chake.