Hatuna kiongozi, haya chai nani anachemsha?

Jumanne usiku nafungua grupu la kikundi chetu niandike tu kwamba Jumamosi nitachelewa, nakuta pa kuandikia hamna, eti kuanzia sasa maadmini peke yao ndo wanatuma meseji. Jamani! Kikundi hiki hiki ambacho mwaka wa pili huu tunatamba Mbeya nzima kwamba hatuna mwenyekiti wala katibu, wote sawa. Tumefungwa mdomo na mtu mmoja kwa kidole kimoja, na hata sababu hajasema.

Tuko kumi na moja, tunapigia kelele taka zinazotupwa mtoni, zile za pampasi na machupa ambazo mvua za Machi zikichanganya zinaletwa mpaka mlangoni. Na hiyo ya kutokuwa na mkubwa niliipenda mwenyewe, sikushikiwa bunduki, maana nimeshakaa kwenye vikundi vya mwenyekiti wa maisha, muhuri anatembea nao kwenye mkoba kama kitambulisho.

Kumbe mkubwa yupo ila hana cheo. Kaka yetu huyu ndo admini, ndo mwenye laptop, ndo mwenye namba ya mtendaji wa kata, na bajaji ya kubebea mareki ni ya shemeji yake. Hakuna aliyemchagua, sasa utamtoaje? Mwenyekiti angalau unamvizia siku ya uchaguzi. Mwezi wa sita tulikaa kibarazani Ilomba na ile baridi, masaa matatu, hakuna kupiga kura, tunajadiliana mpaka wote tukubali, tukakubaliana barua iende kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Jioni yeye na washkaji wawili wakapitia kitimoto Mwanjelwa, asubuhi barua ishaenda kwa mtendaji wa kata. Yaani kikao chenyewe kilikuwa Mwanjelwa, sisi wa kibarazani tulikaa kwa ajili ya picha.

Na chai je? Muda wote huo inachemshwa na mimi na dada mmoja wa Uyole. Hakuna aliyetupanga, eti imejipanga yenyewe! Jo Freeman, mama wa Kimarekani, aliliandika hili mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu vikundi vya ukombozi wa wanawake alivyokuwemo, kwamba kikundi kikikataa kuwa na mpangilio, mpangilio unakuwepo tu, ila wanaujua marafiki peke yao. Wanawake watupu hao, na bado.

Haya, nikubali kidogo. Kenya Juni 2024 wale vijana wa Gen Z walisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila, serikali ikakosa mtu mmoja wa kumwita pembeni, na Ruto akakataa kusaini ule muswada wa fedha. Watu walikufa lakini, sio hadithi tamu. Na hapa ukitaka ile mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, lazima kikundi kiwe na katiba na viongozi, kwa hiyo wale wa "wote sawa" siku ya fomu utawaona wanavyogombania uenyekiti.

Ila sitaki turudi kwenye muhuri. Nenda kaangalie vikoba vya mama zetu, vile vya kuweka na kukopa hela. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, alafu sanduku linalala kwa mtu wa nne ambaye hana hata ufunguo mmoja. Hakuna anayemwita mwenzie mwizi, kufuli zimeshasema. Madaraka yamekatwa vipande na kila mtu anajua kipande kipo kwa nani. Sisi wasomi wa harakati tumeshindwa kupokezana uadmini wa simu!

Nimempigia, sikutaka kumsema pembeni. Kacheka, "dada yangu, nilifunga kwa sababu watu wanatuma sana za asubuhi njema". Nikamwambia sawa kaka, basi tuandike kwenye daftari, uadmini miezi miwili miwili, namba ya mtendaji tuwe nayo wote, na chai kwa zamu kwa alfabeti. Akanyamaza kidogo, akasema tutajadili.

Kwa alfabeti anaanza yeye. Jumamosi saa nne, Ilomba, nimeshamwambia na majani yaliko.