Kome wa Msimbazi: tuwaachie wataalamu peke yao?

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Tunauzungumzia sana masika unapofurika. Viumbe wake hatuwataji, na ndiyo maana naunga mkono wazo la wananchi kujitolea kusaka na kuandika idadi ya kome wa asili wa maji baridi (wanyama laini wenye magamba mawili) kwenye mito ya Dar es Salaam.

Kome hana pa kukimbilia. Hujizika mchangani akaacha ncha tu, yenye matundu mawili: moja la kuvuta maji, jingine la kuyatoa yakiwa yamechujwa. Mtoto wake hujishikiza kwanza mwilini mwa samaki, ndipo aanguke na kujitegemea. Kwa hiyo ukikuta wadogo kwa wakubwa mahali pamoja, maji yanafaa na samaki wapo. Ukikuta wazee watupu, kuna tatizo. Kipimo cha maji cha asubuhi moja hakikuambii hayo.

Wanaopinga wana hoja nzito. Msimbazi hupokea maji machafu ya viwandani na vyooni, na kichocho huenezwa na konokono wa maji baridi. Kome nao wanafanana; asiyewazoea atachanganya spishi, na takwimu mbovu zikishaingia kwenye ripoti ni taabu kuzitoa. Tena, kulinda mto ni kazi ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu na NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, isigeuzwe mzigo wa wasiolipwa.

Hili la mwisho nalikubali nusu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini watu wamejenga humo na mchanga unachimbwa. Mkaguzi hawezi kuwa kila mahali. Mkazi anapita hapo kila siku.

La afya ndilo linalonisumbua. Wanaojitolea waanzie juu, upande wa Pugu, wakiwa na gambuti na glavu. Huku chini waishie kingoni, wapige picha za magamba pembeni ya rula, spishi zitambuliwe na wataalamu. Kome aliye hai arudishwe palepale, ncha ileile ikiwa juu. Gamba tupu huenda limesombwa na mafuriko kutoka mbali, basi liandikwe kama gamba, lisihesabiwe kuwa kome.

Na kabla mtu hajalowesha mguu, bodi au chuo kitakachopokea takwimu kiseme hadharani kitazifanyia nini. Bila hivyo, mwanangu nisingemruhusu kuingia mtoni.