Kidole Changu Bado Kinatafuta Swichi ya Zamani

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha wa Tanga, kijana mmoja kaandika: "Kuhama kamera kitu gani bwana, wiki moja umeshazoea." Akatia na vikatuni vitatu vya kucheka. Wenzake wakamgongea dole gumba. Mimi nilikuwa na chai mdomoni, ikanipalia.

Wiki moja! Mimi huu mwezi wa nne tangu nihame, na jana tu nilikuwa nataka kufungua lenzi, kumbe naikaza.

Kwanza niseme kwa nini nilihama, maana naona wapo wanaodhani nimefuata fasheni. Nikon D750 yangu niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2016. Miaka tisa imekula harusi, maulidi, mahafali, misiba, na picha za pasipoti ambazo hata wenye sura zao hawazipendi. Haikunikosea kitu. Shata yake, kile kipazia kinachofunguka na kujifunga kila ukipiga picha, kiwandani ilijaribiwa kwa mapigo 150,000, na yangu ilikuwa imeshaanza kunusa hapo, basi kila Ijumaa usiku nalala jicho moja wazi.

Ila sababu hasa ni kuazimana. Hapa mjini tunaofanya harusi tunajuana hadi kwa majina ya utani. Wenzangu wote Canon, mimi peke yangu Nikon, kama mtu aliyekwenda ukumbini na sare ya harusi nyingine. Betri ikikata saa nne usiku, wao wanarushiana. Mimi namwomba nani? Lenzi ikianguka Ijumaa, Dar ni kilomita kama 350, na harusi kesho. Hao wanaobishana mitandaoni mfumo upi bora wanakaa miji ambayo duka la kamera liko kona ya pili. Ukiwa Tanga, mfumo bora ni ule alionao jirani yako. Nikauza bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na lenzi tatu, nikaongeza akiba, nikapata Canon RP iliyotumika pamoja na adapta ya kuvalia lenzi za EF za wenzangu, zile za kamera za Canon za mtindo wa zamani. Adapta yenyewe haina kioo ndani, ni bomba fupi lenye viunganishi vya umeme, na fokasi inakwenda kama kawaida. Hapo sina neno.

Sasa twende Barabara ya 9.

Ijumaa, baada ya Laasiri, ndoa msikitini. Bwana harusi ndani ya joho na kilemba, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Ami yake bibi harusi, ndiye walii, kakaa mbele yake goti kwa goti. Sheikh anasoma hotuba, na hotuba ilikuwa ya kushiba. Hapo wenye kazi mnajua, unasubiri. Betri ya RP, kwa kipimo cha kiwandani, ni picha 250 kwa chaji moja. Ya D750 ilikuwa 1,230. Nilikuwa na betri mbili tu, na usiku ukumbi bado unanisubiri. Nikafanya busara yangu, nikaizima. D750 sikuwa na tabia ya kuizima, ilikuwa inashinda wazi tangu asubuhi kama redio ya kinyozi.

Sheikh akafika penyewe. Mikono ikashikana, dole kwa dole. Nikainua kamera. Kidole changu cha shahada kikaenda mbele kwenye pete inayozunguka kitufe cha kupigia, kwa sababu kwenye Nikon yangu swichi ndipo ilipo. Kikazungusha hewa. Kikarudi, kikazungusha hewa tena. Swichi ya RP iko juu, upande wa kushoto, na mimi hilo nalijua, ningeulizwa usingizini ningejibu. Kidole ndicho kilikuwa hakina habari. Na mkono wa kushoto uko chini umeshika lenzi. Mpaka nimeulegeza, nimeuinua, nimewasha, kamera imefumbua macho, bwana harusi kashasema "nimekubali", dua inaitikiwa na mikono imeachana. Nikapata picha ya bwana harusi anajifuta jasho. Fokasi safi kabisa, mpaka kope unazihesabu.

Sekunde nne zile, au tano. Halua ikaja, kahawa ikaja. Halua ya Tanga mnaijua wenyewe. Siku ile nilikuwa kama natafuna sabuni.

Wiki mbili baadaye napeleka albamu. Mama wa bibi harusi anafunua kurasa, anafika mwisho, anarudi mwanzo. "Mwanangu, ile ya mkono iko wapi?" Nikaanza kumweleza habari ya swichi. Katikati nikanyamaza, maana nilijisikia mwenyewe ninavyosikika. Leo hiyo ya mkono ipo, ukutani kwake sebuleni. Wameitoa kwenye video ya simu ya mtoto wa kidato cha pili, simu yenyewe kioo kimepasuka, na kidole cha mtoto kimeingia kwenye pembe ya picha. Fremu ya dhahabu.

Ndiyo maana "wiki moja" imenichoma. Watu wakihama kamera wanahesabu bei ya bodi, ya lenzi, ya kadi. Hizo nilizihesabu mpaka senti. Vidole je? Kazi ya harusi haipigwi kwa akili. Akili iko kwa watu: nani anakaribia kulia, shangazi gani anavuta pumzi ya vigelegele, mtoto gani atapita mbele ya keki. Mkono unatakiwa ujiendeshe wenyewe, uzungushe, ubonyeze, ufungue mwanga, wala usikuulize. Siku mkono unapoanza kukuuliza "hiki kiko wapi?", wewe harusini haupo tena, uko ndani ya kamera. Mwezi ule nilifanya harusi tatu na siwezi kukusimulia hata moja. Ninachokumbuka ni vitufe. Mchukue mpiga udi wetu yeyote, mfungie nyuzi kinyume, halafu mwambie usiku huu kuna taarabu na akosee kwa wiki moja tu, atazoea. Atakutazama hivi.

Na Canon na Nikon ni kama mawifi walionuniana. Lenzi ya Canon unaikaza kama kizibo cha chupa. Ya Nikon ni kinyume chake, tangu 1959 walipotoa mlango ule wa F wa kufungia lenzi, na wao wameridhika. Zumu nayo hivyo hivyo. Bibi harusi anaingia ukumbini, vigelegele, mimi nataka kumvuta karibu, nazungusha, bibi harusi anakimbilia mwisho wa ukumbi! Narudisha, nimeshachelewa, kafika jukwaani. Uzito nao: kutoka gramu 840 hadi 485, na kidole changu cha mwisho hakina pa kukaa, kinaning'inia chini ya kamera kama mtu aliyekosa kiti kwenye daladala. Usiku narudi nyumbani, mafaili yote ni CR3, aina mpya ya mafaili ya picha ya Canon, na programu yangu ya kuhariri ni ya kabla ya 2018, haijawahi hata kusikia jina hilo. Saa saba za usiku najifunza kubadilisha mafaili, bwana harusi kishaanza kuuliza "kaka, za kurusha status vipi?"

Nao hao wa YouTube, nimewatazama wote kabla sijanunua. Dakika ishirini pembe za lenzi, dakika kumi paka wa mwenye nyumba. Hakuna hata mmoja aliyesema, "ndugu mtazamaji, utaaibika msikitini."

Haya, na mazuri niyaseme, msije mkaniita mchawi. Kanzu. Kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe cha kijivu, ndivyo kilivyofundishwa, basi ukimpa safu nzima ya kanzu nyeupe anakutolea nguo zilizofuliwa kwa maji ya dimbwi. Kwa D750 nilikuwa naongeza mwanga kwa kukisia, napiga, natazama, naongeza tena. Hii mpya ukichungulia tu unaiona picha kama itakavyotoka, unaongeza mpaka kanzu iwe kanzu, ndipo unabonyeza. Kwenye maulidi ya Chumbageni nilipiga saa nzima bila kuangalia nyuma ya kamera hata mara tatu. Inauma kukiri, lakini ndivyo. Na shingo inashukuru.

Ati rangi ya ngozi Canon ni nzuri zaidi. Wekeni taa vizuri, rangi zitajileta.

Vumbi? Kamera hii haina kile kioo cha kujitazamia kilichokuwa ndani ya D750 mbele ya sensa, kile kidude kinachopokea picha; ukitoa lenzi Raskazone upepo wa bahari ukivuma, sensa iko uchi mbele ya mchanga. Mimi sasa nabadilishia ndani ya gari. Ukungu wa lenzi ni uleule, wenyewe haubagui chapa.

Basi dawa yangu ni hii: kila umeme ukikatika, nakaa barazani gizani na kamera. Washa kwa kushoto, zima. Toa lenzi, rudisha. Mara thelathini, halafu thelathini nyingine. Mke wangu alinipita wiki iliyopita na ndoo ya maji, akasimama, akasikiliza zile klik klik. "Baba watoto, ndiyo unavuta uradi?" Nikamwambia ndiyo.

Na juzi hiyohiyo, chai haijapoa, simu ikaita. Ni yule kijana wa Muheza aliyenunua D750 yangu. Alikuwa na Canon ndogo, kahamia Nikon.

"Kaka shikamoo. Samahani, hii lenzi uliigundisha? Haitoki."

"Marahaba. Unazungusha wapi?"

"Si kama kufungua chupa?"

"Fanya kama unaikaza."

"Niikaze ili itoke?"

"Bonyeza kile kitufe cha pembeni, kaza."

Kimya. Nikasikia klik, halafu pumzi ndefu.

"Imetoka, kaka. Asante sana."

Nikamuuliza harusi yake ya kwanza nayo ni lini.

"Kesho saa nane."